Paa la Kirikuu Lililoniaibisha: Uzito wa Juu, Nyanya na Namna ya Kumpata Fundi

Leo naweka pembeni mbolea na kantangaze. Nataka tuzungumze juu ya paa la gari la mzigo: namna ya kulifunga na namna ya kumpata fundi wa kulifunga. Najua utashangaa bwana shamba ameingiaje kwenye mambo ya gereji. Soma mpaka mwisho utaona, maana kosa ninalolisimulia ni langu mwenyewe, na kuna watu walinifuata kwenye kosa hilo kwa kuniamini.

Dada yangu mkubwa ananunua nyanya huku kwetu upande wa Ilula, wilaya ya Kilolo. Kwa miaka mingi alikodi magari ya watu. Mwaka juzi, baada ya kuweka akiba kwenye kikundi na kukopa kidogo, alinunua kirikuu, zile Suzuki Carry ndogo za cc 660. Dereva akawa mwanawe, yaani mpwa wangu, kijana wa miaka 23. Gari lilikuja na bodi ya wazi. Mvua ikinyesha nyanya zinalowa, jua likiwaka zinaungua, na nyanya iliyolowa ukiifunika kwenye kreti, kesho yake nusu imeoza. Dada akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye umesoma. Nitafutie fundi atufungie paa."

Nikamtafuta. Tena sikutafuta sana, nilikuwa naye tayari.

Kulikuwa na fundi wa kuchomelea aliyenitengenezea geti la banda langu la kuku. Geti zuri, limenyooka, halilii. Nikajisemea, mtu anayejua chuma anajua chuma. Akasema laki nne na nusu, siku mbili kazi imekwisha. Fundi mwingine wa mjini alitaka laki saba na siku tano, tena akataka gari liwe tupu na awe na bei ya turubai mkononi kabla ya kuanza. Nikamwona ana maringo. Nikampa kazi yule wa geti.

Siku ya pili jioni kirikuu lilirudi limevaa paa la bamba la chuma, paipu nene za pembe nne, na juu ya paa akaongeza keria ya kubebea magunia. Lilipendeza kweli. Majirani walisimama kuliangalia. Ndani ya mwezi mmoja watu watatu wa kata yetu waliniomba namba ya fundi, nikawapa wote, na nikasema kwa mdomo wangu: "Huyu ni fundi."

YALIYOTOKEA

Dalili zilianza mapema, ila hatukuzisoma. Wiki ya kwanza altaneta ikaungua. Tukalaumu uzee wa gari. Baadaye niliambiwa kwamba ukichomelea gari bila kuchomoa waya za betri, umeme wa mashine unaweza kupita mahali usipotakiwa na kuua altaneta au kompyuta ya gari. Yule fundi hakuchomoa chochote, nilikuwepo na nilimwona. Mimi mwenyewe sikujua la kumwambia.

Ikafuata nyanya. Dada alilalamika kwamba zikifika mjini zinakuwa laini kuliko zamani, na nyingine zinaiva rangi ya chungwa badala ya nyekundu. Hilo lilitakiwa kunishtua mimi kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiyo kazi niliyosomea. Nyanya ni kitu hai. Hata baada ya kuchumwa inapumua na kutoa joto. Ukiifungia ndani ya sanduku la chuma chini ya jua la saa saba mchana, bila tundu la hewa mbele wala nyuma, umeiweka kwenye oveni. Joto likipita nyuzi 30 na kukaa hapo, nyanya inashindwa kutengeneza wekundu wake vizuri. Nafundisha hivyo kila msimu wa mavuno, na nilishindwa kukiona kwenye gari la dada yangu.

Mwezi wa pili mwaka jana, mvua zikiwa zimekolea, mpwa wangu alikuwa anashuka kutoka shambani na kreti zimejaa ndani, na juu ya keria magunia matatu ya mahindi ya mtu aliyeomba lifti ya mzigo. Kwenye kona moja ya mteremko, barabara ya vumbi imegeuka utelezi, tairi la kushoto likaingia kwenye mfereji. Mfereji wenyewe si mrefu, maji yake hayafiki magoti. Gari lingekuwa kama lilivyokuja lingeyumba na kutoka. Hili liliegemea, likasita kidogo, likalala ubavu.

Mpwa wangu alivunjika mtulinga. Abiria hakuwepo, tunamshukuru Mungu. Nyanya zilimwagika mpaka mtoni.

Nilipofika, watu walikuwa wanalisimamisha gari. Nikaona mahali nguzo za paa zilipochomelewa: kwenye bati la bodi, bati jembamba kabisa, wala si kwenye chesisi. Bati lilichanika kama karatasi. Na kwenye michomo kutu ilishaanza, miezi minne tu tangu kazi ifanyike, maana hakukuwa na rangi ya kuzuia kutu chini ya ile rangi ya kung'aa.

MPWA WANGU NA MAGARI YA ULAYA

Alikaa nyumbani wiki kadhaa na mkono kwenye tanji. Kijana asiye na kazi ana simu. Siku moja nimekwenda kumjulia hali akaniambia, "Mjomba, njoo uone hawa watu." Ilikuwa video ya gereji huko Ulaya, wanakata paa la chuma la gari zima na kubandika paa la nyuzi za kaboni.

Tulitazama yote. Nyuzi za kaboni ni nyuzi nyembamba sana zinazofumwa kama kitambaa, zinalowekwa kwenye gundi maalumu, kisha zinaokwa mpaka zinakuwa ngumu. Kwa unene ule ule, uzito wake ni kama moja ya tano ya chuma. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa gari la M3 CSL mwaka 2003 likiwa na paa la namna hiyo kutoka kiwandani. Mwenye gari la kawaida akitaka lifanane na lile, anamtafuta fundi wa kumfungia, na analipa pesa nyingi sana.

"Wanapunguza kilo ngapi?" nikamuuliza.

"Chache tu mjomba. Hazifiki hata kreti moja ya nyanya."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Wao wanalipa mamilioni kutoa kilo chache juu ya gari. Sisi tulilipa laki nne na nusu kuziongeza."

Hakusema kwa hasira. Ila usiku ule sikulala vizuri.

HESABU AMBAYO NILITAKIWA KUIFANYA KABLA

Kesho yake nilichukua kalamu. Na wewe chukua, hesabu hii haihitaji shule kubwa.

Kirikuu la aina hii kwao Japani limepangiwa kubeba kilo 350. Huo ndio mfuko wako wote, na kila kilo ya paa inatoka humo humo.

Paipu ya pembe nne ya milimita 40 yenye unene wa milimita 2 ina uzito wa kama kilo 2.4 kwa mita. Fremu yetu ilikula kama mita 18, sawa na kilo 43. Bamba la chuma la milimita 2 lina kama kilo 15.7 kwa mita moja ya mraba. Paa letu lilikuwa mita za mraba 2.7, sawa na kilo 42. Jumla kilo 85, bila kuhesabu keria. Karibu robo ya uwezo wa gari imeliwa na paa kabla hujapakia nyanya hata moja!

Sasa fanya hesabu nyingine. Paipu ya milimita 25 yenye unene wa milimita 1.5 ina kama kilo 1.1 kwa mita. Mita 18 ni kilo 20. Turubai zuri la plastiki nzito lina kama kilo 0.6 kwa mita ya mraba, na kufunika juu, mbele na pembeni unahitaji mita za mraba kama 9, yaani kilo 5 na nusu. Jumla kilo 26 hivi. Tofauti ni karibu kilo 60, sawa na kreti tatu za kilo 20. Kila safari, dada yangu alikuwa anasafirisha chuma badala ya kreti tatu za nyanya.

Hiyo ni hasara ya pesa. Hasara ya pili ni hatari, na inatokana na uzito kuwa juu. Kama umewahi kubeba gunia kwenye baiskeli unaelewa. Gunia likiwa chini kwenye keria ya nyuma unatembea. Ukiongeza dumu juu ya gunia, baiskeli inaanza kucheza kwenye kona, ingawa dumu lenyewe si zito. Gari ni hivyo hivyo. Kilo 50 kwenye sakafu ya bodi zinalikalisha gari, na kilo 50 zile zile juu ya paa zinalivuta kwenye kona. Ndiyo maana hata magari makubwa kuliko kirikuu, kitabu cha kiwanda mara nyingi kinaruhusu kilo 50 mpaka 100 tu juu ya paa. Magunia matatu ya mahindi ni kilo 300.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza niliyojifunza: juu ya gari weka kitu chepesi kuliko vyote, na mzigo usiupandishe huko kabisa. Keria ya juu ya kirikuu ikiwepo, siku moja mtu ataitumia. Dawa yake ni kutoiweka.

NAMNA YA KUMPATA FUNDI

Kwenye zile video za Ulaya kuna jambo lingine nililiona. Hata kule, fundi asiyejua akikata paa la gari anaharibu uimara wa gari zima, kwa sababu paa ni sehemu ya mifupa yake. Tena kuna wanaouza fiberglasi iliyofunikwa na kitambaa kimoja cha kaboni juu na kuiita kaboni tupu, kama vile sisi tunavyouziwa bati la geji 32 kwa bei ya geji 30. Kwa hiyo usidhani matatizo ya mafundi ni ya kwetu peke yetu. Mwenye mali popote pale anatakiwa kuuliza. Haya ndiyo ninayouliza siku hizi:

1. Nioneshe kazi yako ya zamani. Kazi ya jana inang'aa kwa kila fundi. Omba gari alilolifunga paa angalau misimu miwili ya mvua iliyopita. Gusa michomo kwa kidole, tafuta kutu. Tikisa nguzo. Kaa na mwenye gari bila fundi kuwepo, muulize kama linavuja na kama linapiga kelele. Fundi akikosa hata gari moja la kukuonesha, basi gari lako ndilo la kujifunzia.

2. Je, ni kazi ya aina hii? Geti la kuku halipiti kwenye kona. Fundi wa mageti anaweza kuwa hodari kabisa kwenye mageti. Mimi nilimpa kazi ambayo hakuwahi kuifanya, halafu nikamlaumu. Lawama nusu ni yangu.

3. Utaifunga wapi? Jibu unalolitaka ni kwamba nguzo zitashika kwenye chesisi au kwenye mihimili ya bodi, kwa bolti na nati zinazoweza kufunguliwa. Akisema atachomelea kwenye bati la bodi, muage kwa heshima.

4. Utafanya nini kabla ya kuwasha mashine? Asikilizwe akitaja betri na tangi. Waya za betri zichomolewe. Kwenye kirikuu tangi la petroli liko chini ya bodi, na cheche huangukia huko huko. Fundi mzuri huchomelea fremu ikiwa chini, mbali na gari, kisha anaipandisha na kuifunga kwa bolti.

5. Ina uzito gani? Fundi wa mjini, yule niliyemwona ana maringo, ndiye pekee aliyeniuliza nabeba nini, kwenye barabara gani, na mzigo una uzito gani. Nilidhani anatafuta sababu ya kuongeza bei. Fundi anayekuuliza maswali kabla ya kutaja bei amekupunguzia hasara.

6. Tuandikiane. Karatasi moja inatosha: ukubwa na unene wa paipu, aina ya turubai, rangi ya kuzuia kutu, siku ya kumaliza, bei, na atarekebisha nini bila malipo likivuja ndani ya miezi mitatu. Lipa kwa awamu. Hela ya vifaa mwanzo, sehemu ya ufundi fremu ikisimama, na iliyobaki baada ya majaribio.

Majaribio yenyewe ni mawili. La kwanza ni maji: mwaga ndoo tatu juu ya maungio taratibu, subiri nusu saa, pitisha mkono ndani. La pili ni barabara: pakia mzigo wako wa kawaida, pita kwenye barabara unayoijua polepole, fundi akiwa amekaa pembeni ya dereva. Akikataa kupanda, umeshapata jibu.

Kama unabeba mazao mabichi, ongeza jambo la saba: hewa. Acha uwazi wa kiganja kimoja au viwili mbele na nyuma, chini ya paa, upepo upite gari likitembea. Chagua turubai la rangi nyeupe au ya kung'aa, si jeusi. Pembeni liwe la kukunja juu siku ya jua na kushusha siku ya mvua.

Na kabla hujabadilisha umbo la gari, pita kuuliza TRA kuhusu kadi ya gari, uliza wakaguzi wa magari wa polisi, na mjulishe wakala wako wa bima. Kuuliza si ujinga. Kuulizwa barabarani huna jibu ndiyo aibu.

NILICHOBAKI NACHO

Tulirudi kwa fundi wa mjini. Hakunicheka. Alitoa lile paa lote, akaziba bati lililochanika, akafunga fremu nyembamba na turubai. Ukijumlisha laki nne na nusu za kwanza, altaneta, matibabu, nyanya zilizomwagika na hizi laki saba, utaona kwa nini wazee walisema cha rahisi ni ghali. Lile bamba la zamani halikupotea. Limekuwa mlango wa banda la dada, na hapo limetulia vizuri kabisa.

Mpwa wangu anaendesha tena. Bega lake linamuuma siku za baridi, na anapofika kwenye kona ile anashuka kwa gia ya kwanza.

Lakini bado kulikuwa na wale watu watatu. Nilipata aibu kuwafuata, nikajaribu kujidanganya kwamba watasikia wenyewe. Siku ya tatu nikapanda pikipiki nikaenda nyumba kwa nyumba. Wawili walinisikiliza, tukakagua pamoja, wakabadilisha. Wa tatu ni mzee mmoja anayebeba maziwa na mizigo ya watu. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Bwana shamba, mimi nilifunga kwa sababu wewe ulisema. Sasa unasema nifungue. Hela yangu utanirudishia wewe?"

Sikuwa na jibu. Mbolea niliyowahi kumshauri ilimpa mavuno, na kwa sababu ya mavuno yale aliniamini hata kwenye jambo nisilolijua. Hatimaye alikubali jambo moja: tukatoa keria ya juu siku ile ile kwa msumeno, mimi na yeye, na nikagharamia bolti nne za kushika nguzo kwenye mihimili ya bodi. Paa la chuma bado analo. Anasema atalitoa akivuna. Mvua ikinyesha usiku namfikiria yuko barabara gani.

Ndugu msomaji, ukija ofisini kwangu ukaniuliza kuhusu mbegu, dawa au udongo, nitakujibu kwa kujiamini. Ukiniuliza kuhusu fundi, siku hizi nitakuambia: twende wote tukaone gari alilolifunga miaka miwili iliyopita. Na wewe ukiulizwa na jirani "fundi wako ni nani?", usitoe namba haraka kama mimi. Subiri kwanza mvua ipite.

Kazi njema, na safari salama na mzigo wako.